Fremu Kwanza: Kuchagua Baiskeli ya Masafa Marefu

Anayetafuta baiskeli ya lami ya kwendea masafa marefu hupokelewa na takwimu moja kabla ya nyingine zote: uzito. Muuzaji huinyanyua kwa vidole viwili, mteja naye huinyanyua, wakatazamana wakatabasamu. Baada ya uzito huulizwa fremu imetengenezwa kwa kitu gani, kisha gia ni za daraja gani, na mwisho kabisa, kama muda umebaki, ndipo huulizwa kama mwili wa mnunuzi utaenea juu yake. Mpangilio huu wa maswali umesimama kichwa chini. Baiskeli ni mkusanyiko wa vitu, na karibu vyote hubadilika: kiti hubadilishwa, tairi, magurudumu, usukani, kaseti ya nyuma. Fremu ndiyo inayobaki, na ndani ya fremu kuna mambo mawili ambayo fundi yeyote, awe wa Kariakoo au wa Milano, hawezi kuyarekebisha: umbo linalomkalisha mpandaji, na upana wa tairi inayoweza kupita kati ya mabomba yake. Kwa mtu wa kilomita 40 za Jumapili asubuhi, mambo hayo ni ya ziada. Kwa anayekusudia kilomita 200 au 300 kwa siku, au Nairobi hadi Mombasa kwa siku mbili, hayo ndiyo baiskeli yenyewe.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaouza. Faida yake inakokotoleka kwa fizikia ya sekondari. Kupandisha kilo 1 hadi mita 1,000 juu kunadai nishati ya kilojuli 9.8. Mpandaji aliyejizoeza vizuri anaweza kutoa wati 200 kwa saa kadhaa, na kwa nguvu hiyo kilojuli 9.8 ni kazi ya sekunde 49. Basi, ndiyo hiyo tu. Chukua njia ngumu kuliko ambayo wengi wetu tutaipita maishani: mashindano ya dunia ya barabarani ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, ambako wanaume walipangiwa kilomita 267.5 zenye miinuko ya jumla ya mita 5,475. Mtu wa wati 200 akiipita njia hiyo juu ya baiskeli iliyozidi kwa kilo 1 atapoteza kama dakika nne na nusu, katika siku ambayo ingemla zaidi ya saa kumi. Pancha moja tu, ikizibwa na mtu mwenye mikono mepesi, humeza faida ya kilo mbili. Na hiyo ni milima mitupu. Kwenye nyika tambarare tofauti haihisiki kabisa. Kilo zina maana kwa mshindani anayesubiri mwenzake achomoke ghafla kwenye mlima, na kwa anayeishi ghorofa ya nne pasipo lifti. Mwendaji wa masafa si wa kwanza, na kama ni wa pili, ngazi zake ni za dakika mbili.

Umbo la fremu husomwa kwa vipimo viwili ambavyo kila mtengenezaji makini huviandika. Cha kwanza ni kimo: urefu wa wima kutoka kwenye ekseli ya pedali hadi ncha ya juu ya bomba la mbele, pale usukani unapoingilia. Cha pili ni mfiko: umbali wa mlalo kati ya nukta hizo mbili. Fremu ya mashindano huwa na kimo kifupi na mfiko mrefu ili kumlaza mpandaji. Fremu ya masafa, kwa mtu wa urefu uleule, huongeza kimo kwa takriban sentimita 2 hadi 4 na kupunguza mfiko kidogo. Sentimita tatu zinaonekana si kitu mpaka uzifikirie kwa upande wa shingo. Kadiri mgongo unavyolala, ndivyo shingo inavyolazimika kukunjwa nyuma ili macho yaone barabara, na misuli inayoshikilia kichwa cha kilo nne au tano, na kofia juu yake, si mikubwa. Mwaka 1983 Mmarekani Michael Shermer, akiwa katika mbio za kuvuka Marekani za Race Across America, alifikia mahali shingo ikakataa kabisa kukibeba kichwa chake, na tatizo hilo mpaka leo linaitwa kwa jina lake miongoni mwa wapandaji wa mbali. Uzito wa kifua nao hushukia viganjani na kubana neva inayopita upande wa kidole kidogo. Vidole vinakufa ganzi, na wapo ambao hushindwa kushika kalamu sawasawa kwa siku kadhaa. Hakuna hata kimoja cha haya kinachotokea katika saa ya kwanza. Ndiyo maana kujaribu baiskeli kwa mizunguko miwili mbele ya duka hakumfundishi mnunuzi chochote zaidi ya rangi yake: kwa dakika tano, fremu ya mashindano huwa tamu kuliko zote, nyepesi mkononi na yenye kuitika upesi.

Wapenda kasi wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mpandaji huliwa na upepo, na takriban robo tatu ya upinzani wa upepo husababishwa na mwili wake, wala si baiskeli. Mtu aliyelala hupasua hewa vizuri kuliko aliyekaa wima. Kwa hiyo, wanasema, hizo sentimita tatu za starehe hulipwa kwa dakika nyingi, nyingi kuliko zile za uzito. Kweli, iwapo mkao unashikiliwa. Lakini mkao una thamani kwa muda ule tu unaokaliwa. Mtu aliyenunua fremu iliyo chini kuliko mgongo wake, ikifika saa ya nne, huacha sehemu ya chini ya usukani, kisha huacha vishikio vya breki, akahamia katikati ya usukani na mikono iliyonyooka kama nguzo, kifua kimetuna kama tanga. Mwenzake wa fremu ya masafa, viwiko vimekunjwa, viganja juu ya vishikio vya breki, huwa chini kuliko yeye na ataendelea kuwa hapo hadi jioni. Ni kweli pia kwamba kijana mwenye nyonga laini na miaka mingi ya mazoezi anaweza kukaa siku nzima juu ya fremu ya mashindano bila kuumia; huyo aichukue. Hoja si kwamba kila mtu akae wima kama karani. Hoja ni kwamba kimo kinachofaa ni kile ambacho mwili huo utakihimili saa ya saba, na kukosea kwa kwenda juu kunarekebishika kwa kugeuza stemu, kile kiungo kinachoshika usukani, au kutoa vipete vilivyo chini yake, ilhali kukosea kwa kwenda chini hakurekebishiki kirahisi: vipete vya kuinulia usukani vina ukomo, hasa ambapo shina la uma ni la kaboni, na anayeupita ukomo huo anachezea meno yake.

La pili ni tairi, na hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mabingwa wa masafa waliligundua mapema. Septemba 1891, Charles Terront aliposhinda Paris–Brest–Paris ya kwanza, kilomita zipatazo 1,200 kwa saa 71 na dakika 22, alikuwa juu ya tairi za upepo za Michelin, teknolojia iliyokuwa changa na yenye kutoboka mno, akashinda vilevile. Safari hiyo leo si mashindano tena. Hufanyika kila baada ya miaka minne, na anayeikamilisha ndani ya saa 90 huhesabiwa amefaulu. Katikati ya zama hizo mbili, dunia ya baiskeli ilipotea njia kwa miaka mingi ikiamini kwamba tairi nyembamba iliyojazwa upepo mpaka ikawa ngumu kama jiwe ndiyo yenye kasi. Imani hiyo ilizaliwa maabara: tairi ikiviringishwa juu ya pipa laini la chuma, upepo mwingi hupunguza kweli nguvu inayopotea. Barabara si pipa. Tairi ngumu ikikuta lami ya kokoto haizami juu ya kokoto. Huirusha baiskeli pamoja na aliye juu yake, na mwili wa binadamu, ambao ni nyama na maji, hugeuza mtikisiko huo kuwa joto. Nguvu iliyokusudiwa kusogeza gurudumu imeishia mapajani. Jan Heine na jarida lake la Bicycle Quarterly walikuwa miongoni mwa waliolipima jambo hili barabarani tangu miaka ya 2000, wakachekwa. Kisha timu za kulipwa, ambazo hazina sababu yoyote ya kuchagua starehe badala ya ushindi, zikatoka milimita 23 zikaenda 25, zikaenda 28, na sasa 30 si ajabu.

Hesabu ya upepo ni rahisi. Ujazo wa tairi hukua kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo tairi ya milimita 32 hubeba hewa zaidi ya ile ya 25 kwa takriban asilimia 64. Hewa hiyo humruhusu mtu wa kilo 75 kupanda na psi 60 au pungufu pale alipohitaji 90 au zaidi, pasipo rimu kugonga chini kila akutanapo na shimo. Na kwenye barabara za Afrika Mashariki jambo hili si la starehe tu. Yapo matuta, zipo rasta zinazotikisa meno, na upo ule ukingo wa lami uliolika, ulio juu ya bega la barabara kwa kiganja kizima. Basi la mikoani likija nyuma likipiga honi, mwendesha baiskeli hana muda wa kujadiliana nalo, anashuka lami. Mwenye tairi ya 25 anashuka kwenye changarawe na kuomba Mungu. Mwenye 35 anashuka, anapisha, anapanda tena. Kipimo hicho kimoja kinatosha kunifanya niseme kwamba fremu isiyopitisha milimita 32 haifai kuitwa ya masafa katika nchi hizi, hata kama kiwandani wameiandika hivyo, na kwamba 38 si anasa. Watengenezaji wenyewe wamekwisha fika huko: Trek Domane ya karibuni hupitisha 38, Specialized Roubaix iliyotoka 2023 hupitisha 40. Inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba Phoenix, ile baiskeli nzito inayobeba mkaa, maziwa na magunia ya mahindi kutoka Shinyanga hadi Kisumu, hutumia tairi ya inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Wabeba mkaa hawakuhitaji maabara.

Phoenix, hata hivyo, haitamsaidia msafiri aliyechanika tairi porini, na hili afadhali lijulikane mapema. Gurudumu lake huitwa la inchi 28, nalo gurudumu la baiskeli ya kisasa ya lami, lile liitwalo 700C, mara nyingi huitwa la 28 pia. Si sawa. Rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635; ya 700C ni 622. Tairi ya dukani kijijini itacheza juu ya rimu yako kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Inayolingana kwa kipenyo ni ile ya baiskeli za milimani za inchi 29, ambazo rimu yake ni 622 ileile, ila tairi zake ni nene mno kupita kwenye fremu nyingi za lami. Msafiri abebe tairi moja ya kukunja. Kuhusu mbigili na nyuzi za waya zilizoachwa na tairi za malori zilizopasuka, mfumo usio na tyubu, wenye gundi ya maji ndani, huziba matundu mengi kabla hata mpandaji hajayaona, lakini joto la pwani hukausha gundi hiyo mapema kuliko kijitabu kinavyosema. Anayeikagua mara kwa mara atanufaika. Anayeisahau atabaki na maganda ya mpira mkavu na tundu lililo wazi, akitafuta tyubu.

Na je, si fremu yenyewe inayolainisha safari? Huu ndio ubishi wa vijiwe vyote: chuma kina uhai, kaboni hunyonya mitikisiko, alumini huumiza mgongo. Ukitazama umbo, pembetatu mbili za mabomba zilizounganishwa haziwezi kupinda sana kwa wima, ziwe za madini gani. Kinachopinda ni tairi, kwa milimita nyingi, kisha nguzo ya kiti kama ni nyembamba na imechomoza vya kutosha, kisha usukani. Watengenezaji wanaotia chemchemi chini ya stemu au kuachia nguzo ya kiti ichezecheze wanakiri jambo hilohilo kwa njia nyingine, kwamba fremu tupu hailainishi kitu. Vifaa hivyo si ulaghai. Fabian Cancellara alishinda Paris–Roubaix ya 2013 juu ya Domane, na Peter Sagan ile ya 2018 juu ya Roubaix, kwenye mawe yanayovunja magurudumu. Lakini kila kiungo kinachocheza ni kiungo kitakachochakaa, na spea yake huagizwa ng'ambo. Mwenye bajeti ya wastani atapata safari laini zaidi akichukua fremu ya alumini yenye nafasi ya 38 na tairi nzuri za 35, kuliko fremu ya kaboni yenye chemchemi na tairi za 28. Nguvu ya kaboni iko kwenye uzito, na uzito tumeshaupima.

Gia hubadilika, kwa hiyo haziji mbele ya fremu. Ila hubadilika kwa gharama, na kosa hapa hulipwa na magoti. Mtu na baiskeli yake na mizigo, jumla kilo 88, akipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa wati 200, atakwenda kilomita 9 na ushei kwa saa. Akiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mwendo huo humtaka mizunguko ya pedali kama 70 kwa dakika, mdundo ambao mtu anaweza kuubeba mlima mzima. Akiwa na 39 mbele na 25 nyuma, gia iliyokuwa ya kawaida kwenye baiskeli za mashindano za miaka ya nyuma, mwendo uleule ni mizunguko isiyofika 50, kila mmoja ukiwa ni msukumo wa goti. Mlima wa Kitonga unapokwenda Iringa, au ngazi za Bonde la Kerio kuelekea Iten, haziulizi mtu alikuwa na kasi gani tambarare. Ni bora gia nyepesi kuliko zote ibaki haijatumika.

Hapo mtu atauliza: kama tairi pana, kimo kirefu na gia nyepesi ndiyo mambo, kwa nini asinunue baiskeli ya changarawe moja kwa moja, ile inayopitisha 45 au 50? Ni pingamizi zito kuliko lile la upepo, na kwa sehemu ya wasomaji jibu ni: anunue. Anayeishi Mbulu au Narok, ambaye theluthi ya njia zake ni vumbi na mawe, atajuta akichukua kingine. Umaarufu wa mashindano ya Migration Gravel Race kuzunguka Maasai Mara umeonyesha aina hii ya uendeshaji ilivyo yetu. Kwa anayekaa lami muda wote tofauti ipo: baiskeli ya changarawe huwa ndefu zaidi kati ya magurudumu, hugeuka taratibu, na gia yake ngumu kuliko zote huwa haitoshi kwenye mteremko mrefu au nyuma ya kundi. Lakini mipaka imesogeleana kiasi kwamba fremu ya masafa inayopitisha 40 na ile ya changarawe ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye shaka achague yenye nafasi pana zaidi ya tairi. Nyembamba hupita penye nafasi ya pana, kinyume chake hakiwezekani.

Tatizo gumu zaidi ni la mtumba, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakonunua. Baiskeli za lami zinazoingia kwa makontena kutoka Ulaya ni nyingi za mashindano, zenye breki za kubana rimu. Breki hizo zenyewe huziba nafasi ya tairi: nyingi huishia 25, chache 28. Breki za diski ndizo zilizofungua nafasi, na chama cha kimataifa cha UCI kiliziruhusu rasmi kwenye mashindano ya barabarani mwaka 2018, kwa hiyo fremu nyingi za mashindano za kabla ya hapo ni finyu. Ushauri wa kusubiri mpaka upate hela ya mpya ni wa watu wenye hela. Afadhali atafutwe mtumba wa aina nyingine: baiskeli ya utalii ya chuma au alumini, au ile ya kuendea kazini yenye magurudumu ya 622, matundu ya kufungia keria na madigadi, na breki za V. Huonekana za kizee na hupuuzwa rundoni, lakini kwa usukani mwingine na tairi za 35 hushinda fremu ya kaboni ya bingwa wa zamani, ambayo huenda ina ufa ndani ya rangi usioonekana kwa macho.

Mwisho ni uwezekano wa kutengenezeka. Nyaya zilizofichwa ndani ya stemu na bomba la mbele hupendeza pichani. Kubadilisha bearingi ya hapo huweza kudai kufungua mabomba ya breki yote mawili. Ekseli ya pedali inayofungwa kwa hesi ni bora kuliko ya kushindiliwa, kwa sababu fundi wa kawaida ana uwezo nayo. Breki za haidroliki zinakuja na swali ambalo wauzaji hawalitaji: mafuta yake. Za SRAM za barabarani hutumia mafuta ya aina ya DOT, na DOT 4 ipo kwenye kila duka la spea za magari kutoka Mtwara hadi Gulu. Za Shimano hutumia mafuta ya madini ambayo lazima uyabebe, na ukizitia DOT umeua raba zake siku hiyohiyo. Kisha kuna kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, kilichoundwa kipinde au kivunjike chenyewe baiskeli ikianguka ili fremu isiumie. Mara nyingi kila modeli ina chake, hakiingiliani na kingine, na hakuna fundi wa njiani atakayekuwa nacho. Bei yake ni ndogo. Kinunuliwe cha akiba siku ileile ya kununua baiskeli, kwenye duka lilelile, kabla modeli haijaondolewa sokoni.